Fezanti Aliyepelekwa Buffalo Kuomba Msamaha

Baba yangu akishaamua jambo, heri ubishane na mlango. Mlango angalau una ufunguo. Nasema hivi kwa sababu mwezi wa nne wa mwaka 2015 alinifanya mimi binti yake niendeshe gari kutoka Louisville hadi Buffalo, mwendo wa saa tisa bila kuhesabu vituo, na nyuma yetu, ndani ya boksi la televisheni, alikuwemo ndege ambaye baba peke yake, katika Marekani nzima, alimwita jogoo.

Nianze na kosa lenyewe, maana bila hilo mtadhani sisi ni wendawazimu tu. Bibi yangu, mama yake baba, alifia kambi ya wakimbizi Tanzania miaka tisa kabla ya safari hiyo. Baba mkubwa, kaka yake baba, wakati ule alikuwa bado ng'ambo ya ziwa, Congo. Alipopata habari alituma ujumbe: nisubirini, nakuja, msimzike mama mpaka nifike. Baba hakumsubiri. Alimzika kesho yake asubuhi. Baba mkubwa alifika siku ya nne, akakuta udongo umeshaanza kukauka. Hakulia, hakugomba. Alikaa mkekani kwetu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akainuka, akaenda zake, na tangu siku ile hakumsemesha mdogo wake. Wote wawili waliletwa Marekani, sisi Louisville, yeye Buffalo, na ule ununaji wao ukapanda ndege pamoja nao.

Sasa, kwetu kule milimani Kivu ya Kusini, katika ukoo wetu, kosa kubwa kati ya ndugu lina njia yake. Aliyekosa anapeleka jogoo akiwa hai, mzuri kuliko wote anaoweza kupata. Aliyekosewa anamchinja kwa mkono wake mwenyewe. Wanamla kwenye sahani moja, na wakishanawa mikono jambo limekwisha. Halitajwi tena. Si kwa utani, si kwa hasira, wala kwenye maombi. Atakayelitaja amefanya kosa jipya, na hilo jipya ni baya kuliko la kwanza.

Mwaka ule baba mkubwa alituma neno kwa simu, kupitia mke wake. "Mwambie mudogo wangu alete jogoo." Maneno matano, baada ya miaka tisa. Baba alilia pale jikoni, maharage yanaungua, mimi nazima jiko kwa mkono mmoja na mwingine nimemshika bega. Nilimwonea huruma kweli. Huruma hiyo ilidumu mpaka Jumamosi.

Jumamosi mimi nilikuwa kazini, kwenye ghala la vifurushi huku kwetu South End, nikibandika karatasi kwenye maboksi tangu alfajiri. Baba akaenda na jirani wa kanisani kwenye mnada wa mifugo nje ya mji, pale watu wetu wanaponunua mbuzi. Nilikuwa nimemwambia asubuhi: "Baba, chukua jogoo mwekundu wa kawaida, mwenye afya, basi." Akaitika. Nilipaswa kujua tu kwa jinsi alivyoitika haraka.

Niliporudi nilimkuta amekaa sebuleni na boksi miguuni, uso unang'aa. "Angalia," akasema. Nikainama. Jamani! Ndani mle mlikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kichwani kishungi cha manyoya laini ya dhahabu, yamelala nyuma utadhani yamechanwa kwa kitana. Shingoni mtandio wa rangi ya chungwa, una mistari myeusi iliyonyooka mmoja mmoja. Chini ya mtandio kijani kibichi, kisha mgongo wa njano, tumbo jekundu la pilipili, mabawa yana buluu. Halafu mkia. Mkia wa kahawia wenye madoadoa, mrefu kuliko ndege mwenyewe mara mbili, umepinda ndani ya boksi. Na jicho dogo la njano linaniangalia kwa dharau.

"Baba, hiki ni nini?"

"Ni jogoo."

"Hiki si jogoo."

"Iko na kucha? Iko na kipi, ile mwiba ya nyuma ya muguu? Inachokora chini? Ikikunywa maji inainua kichwa juu? Bon. Ni jogoo. Ya China, muzungu alisema. China kuko jogoo pia."

Nikamwambia kuku wa China anaweza kuwa vyovyote, lakini undu uko wapi, ile nyama nyekundu ya kichwani? Akasema huyu badala ya undu amepewa nywele, na kama Mungu amempa nywele mimi ni nani nimdai undu. Nikamwambia basi tazama nyama, ukimtoa mkia unabaki na njiwa. Hapo alikasirika. Akasema kaka yake hakukosewa kosa la kuku mwekundu. Miaka tisa! Ningetaka aende na kuku ambaye kila mtu anaye kwenye friza?

Wiki ile nzima tuliishi naye chumba cha kufulia. Niliposikia habari za jogoo nilitegemea kuwika, lakini huyu hawiki. Anatoa mlio mkali wa chuma kwa chuma, chak, chak, kila kunapopambazuka, dakika chache baada ya mimi kupata usingizi. Ukifungua mlango haruki. Anakimbia! Anapita ukuta kwa ukuta, mkia nyuma, anaingia nyuma ya ndoo na kusimama pale gizani akiamini haonekani. Baba akasema ana huzuni kwa kukosa jua, akawa anamtoa barazani kila mchana ndani ya tenga, kwenye jua kali, eti apate joto. Siku nne. Mimi nilinyamaza, nikajisemea shauri yao wote wawili.

Ijumaa tukaondoka. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu, na supavaiza alinipa huku amekunja uso, akaniambia Jumanne asubuhi anataka kuniona mlangoni. Baba alivaa suti. Mwendo wa saa tisa, amevaa suti na tai, na kila tukifika kituo cha mafuta anataka boksi lifunguliwe aone kama jogoo anapumua.

Tulilala Columbus, kwa msichana mmoja Mkenya, rafiki yangu. Tulifahamiana kanisani Louisville kabla hajahamia kule kusomea mambo ya wanyamapori, na alikuwa amepanga chumba karibu na chuo, nyumba moja na wanafunzi wengine watatu. Nilikuwa nimemwambia tunakuja na kuku. Alipofungua boksi alishika mdomo.

"Aki ya Mungu," akasema, "mmetoa wapi huyu? Huyu ni fezanti. Fezanti wa dhahabu."

"Asante," nikasema, nikamgeukia baba. "Umesikia?"

Rafiki yangu ni mtu wa heshima, akamkalisha baba, akampa chai, akamweleza taratibu. Mzee, huyu ni ndege wa milimani, asili yake katikati ya China, kwenye miteremko yenye mianzi na vichaka vilivyosongamana, mahali ambapo jua haligusi chini. Anashinda kwenye kiza hicho akiokota mbegu na majani na wadudu, jioni anapanda mtini kulala. Kuruka anaweza, ila hapendi, akishtuka anatumia miguu. Jike lake ni la kahawia tupu, huwezi hata kulitofautisha na majani makavu, na dume dogo nalo linafanana na mama yake mpaka mwaka wa pili ndipo rangi hizi zinatoka. Ni jamaa wa kuku, ndiyo, ukoo mmoja, lakini jogoo siye.

Baba alisikiliza kila neno, mikono magotini. Kisha akasema, "Donc, ni ndugu ya jogoo."

"Ndugu wa mbali, mzee."

"Binti yangu, mimi ninaenda kwa ndugu. Ndugu haiko mbali." Akanywa chai yake. Mazungumzo yamekwisha. Rafiki yangu akanitazama, nami nikaangalia dari.

Kosa la rafiki yangu lilikuwa kuongeza neno moja. Akasema, "Tu msimweke juani, mzee, hizo rangi hupauka." Baba aliruka kitini. Zinapauka? Za dhahabu pia? Akaleta boksi karibu na taa, akaanza kumkagua ndege manyoya kwa manyoya, akauliza kama hatuoni huu mgongo umefifia, na huyu binti yake, yaani mimi, alikuwa wapi siku nne zote asiseme? Mimi! Mimi niliyemkataa ndege tangu boksini! Usiku ule fezanti alilala bafuni juu ya bomba la kuogea, na asubuhi mwanafunzi mmoja aliyeingia kuoga alipiga yowe lililoamsha nyumba nzima. Baba alimwomba radhi kwa Kifaransa.

Kutoka hapo mpaka Buffalo niliendesha gari lililofunikwa mashuka. Shuka dirisha la kushoto, shuka la kulia, shuka la nyuma, rafiki yangu wa watu ametoa mashuka yake yote. Kioo cha nyuma sikioni. Jua la Aprili limekaza macho, malori yanapita kushoto, baba anageuka kila baada ya dakika tano kubana kona ya shuka. Nilimwambia, "Baba, tukifa hapa, kosa utalipeleka kwa bibi mwenyewe." Hakucheka. Tulipopita Cleveland na ziwa likaanza kuonekana, akauliza kwa sauti ndogo, "Unaona atamupokea?" Sikuelewa anauliza juu ya ndege au juu yake. Nikasema atampokea. Hasira ilinipungua kidogo hapo.

Buffalo tulikuta bado theluji chafu imerundikana kando ya barabara. Baba mkubwa alisimama mlangoni, amezeeka, amekuwa mwembamba, koti la mtu mwingine mabegani. Wakapeana mikono. Miaka tisa, na wakapeana mikono tu, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kwa adabu, kama watu waliokutana benki. Baba akalitanguliza boksi.

Baba mkubwa alifungua, akaangalia. Akaangalia sana. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno: Baba mkubwa tusamehe, mdogo wako ni mtu wa ajabu, kesho nitakutafutia jogoo.

"Mudogo," akasema. "Hii iko nini?"

"Iko jogoo, mukubwa."

Baba mkubwa akaitika kwa kichwa. "Kweli. Iko jogoo." Na akambeba mwenyewe kumpeleka gereji. Nilitaka kukaa chini pale pale kwenye theluji.

Mama mkubwa, mke wake, alikuwa ameshanoa kisu, maji yako motoni. Lakini baba mkubwa akasema leo hapana, ndege ametoka safari, nyama ya mnyama aliyechoka inakuwa ngumu. Haya. Tukala ugali na samaki, wazee wawili kila mmoja na sahani yake. Baada ya kula baba mkubwa akauliza, bila kumtazama mtu, "Mama alikufa saa ngapi?" Baba akaweka kikombe chini. "Asubuhi, mukubwa. Watu walikuwa wanaenda kuchota maji." Baba mkubwa akaitika kwa kichwa, akaenda kulala.

Jumapili akasema baada ya kanisa. Baada ya kanisa akasema siku ya Bwana damu haimwagwi. Jioni akauliza, "Nani alimuosha?" Baba akamtajia: marehemu mama yangu, na wanawake wawili wa kibanda cha jirani. Jumatatu akasema jioni, ilipofika jioni akasema kesho. "Kichwa mulikielekeza wapi?" Baba akasema ziwani, upande wa kwetu. Na baba yangu, ambaye alikuja na suti, alikuwa hali tena. Anameza matonge mawili anasukuma sahani. Mimi niliona ni mahakama. Nilijiambia mzee huyu ametuita ili amchune mdogo wake ngozi polepole, swali moja kila jioni, kisu kiko tayari na hachinji. Mama mkubwa naye aliona mengine. Alininong'oneza kwamba ni uzuri wa yule ndege, mume wake tangu Jumamosi anashinda gereji akimtazama, na mtu hawezi kuchinja kitu anachokitazama hivyo.

Jumanne asubuhi nilimpigia supavaiza nikiwa Buffalo badala ya mlangoni kwake. Sitarudia aliyoniambia. Niliweka simu mfukoni, damu inanichemka, nikaenda moja kwa moja gereji bila hata kuvaa koti.

Wote wawili walikuwa humo. Baba mkubwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, baba amesimama karibu na mlango mithili ya mgeni asiyekaribishwa. Taa haikuwashwa. Katikati ya sakafu ndege alikuwa anakifanyia uchumba kopo la kumwagilia maua. Alilikimbilia, akasimama ubavu, akaufungua ule mtandio wa chungwa upande mmoja ukafunika uso wote mpaka mdomo, likabaki jicho moja la njano linachungulia juu ya mistari. Akatoa mlio wa kunyonya pumzi. Akazunguka upande wa pili, akaufungua tena. Kopo halikujibu. Ningecheka siku nyingine.

"Baba mkubwa," nikasema, "nisamehe, mimi ni mtoto kwako. Lakini nimechoka! Kazi yangu inaondoka. Baba hali chakula. Kama hukutaka kumsamehe ungesema kwenye simu. Mchinje huyu ndege leo tule, au utuambie twende."

Baba alifumba macho kwa aibu. Baba mkubwa hakukasirika. Alinitazama, akamtazama mdogo wake.

"Kosa?" akasema. "Ile nilimusamehe zamani. Joto ya kambi ninaijua, maiti haingoji. Siku ileile, pale kwenye chai, nilijua hakukuwa njia ingine. Nilinuna ju nilikuwa na uchungu, kisha nikanuna ju nilikuwa nimezoea."

"Sasa mbona humchinji?"

Ndege alikuwa amelichoka kopo, amejificha nyuma ya tairi.

"Tukimukula," akasema, "ile siku haitajwe tena. Ni sheria. Mimi sikuwako. Sikumuona akiwa mugonjwa, sikumuona akikufa, sikumuona akiwekwa. Huyu peke yake ndiye alikuwako. Tukishanawa mikono, habari za mama nitauliza nani?"

Nilimtazama baba. Huyu ndiye aliyetaka jambo moja tu kwa miaka tisa, kuketi na kaka yake kwenye sahani moja na kusikia limekwisha. Ana miaka sitini na nane, ana dawa za moyo kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amevumilia mimi nimcheke kutoka Louisville mpaka Buffalo kwa ajili ya hilo.

"Bon," baba akasema. "Asichinjwe."

"Na weye utabaki na kosa?"

"Nitabaki nalo. Nimeizoea, mimi pia." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Uliza, mukubwa."

Baba mkubwa aliinuka, akatafuta ndoo ya pili nyuma ya mashine ya kuondolea theluji, akaigeuza, akamsogezea. Baba akakaa na suti yake. Mimi nilibaki mlangoni, baridi inaniingia mgongoni, na sikuondoka.

"Alinitaja?" baba mkubwa akauliza.

"Alikutaja."

"Alisema nini?"

Baba alianza kulia kabla ya kujibu. "Aliuliza kama umekula."